Deraya ya Nyangumi: Kuurejea Mchezo wa Diablo

Mwaka 2002 shule ya sekondari niliyokuwa nikifundisha Kiswahili na Historia ilipokea kompyuta chakavu kadhaa kutoka ng'ambo. Mojawapo ilifika na kisahani ndani ya tumbo lake, kimesahauliwa na mwenyewe wa kwanza. Mwanangu, wakati huo yuko kidato cha pili, ndiye aliyekigundua. Kwa muda wa miezi miwili alikuwa akibaki shuleni jioni kwa kisingizio cha kujifunza kupiga chapa, kumbe anashuka kwenye mashimo yaliyo chini ya kanisa la kufikirika, upanga mkononi, akifyeka viunzi vya mifupa. Nilipokisoma kisahani na kuona kimeandikwa Diablo, yaani shetani kwa Kihispania, sikuhitaji ushahidi zaidi. Nilikivunja. Kisha nikaipekua mikoba ya kijana, nikatoa daftari lililojaa majina nisiyoyaelewa, deraya ya nani na shoka la nani, nikalitia jikoni chini ya sufuria ya maharage.

Naandika habari hii miaka zaidi ya ishirini baadaye, nikiwa mstaafu, kwa sababu Desemba iliyopita mwanangu alikuja likizo na mchezo uleule ndani ya kompyuta yake mpakato. Ameununua kihalali, maana tangu 2019 unauzwa upya kwa ajili ya mashine za siku hizi. Tuliucheza pamoja majuma mawili. Nitaeleza kwanza mchezo huu ni kitu gani na umetoka wapi, kwa kuwa naamini wasomaji wengi wa mashairi hawajapata kuuona, kisha nitarudi kwenye lile daftari.

Kuna jamii ya michezo ya kompyuta ambayo Waingereza huitaja kwa vitenzi viwili vya kukata na kukatakata. Mimi nitaiita michezo ya kufyeka, kwa sababu mwendo wake ni ule wa mkulima aingiaye porini na panga: adui ni wengi kama magugu, wanaanguka, wanazuka wengine. Diablo haukuwa wa kwanza katika jamii hiyo. Mwaka 1985 kampuni ya Atari ilikuwa imekwisha kutoa Gauntlet, uliochezwa na watu wanne kwa pamoja kwenye mashine za kutumbukiza sarafu. Lakini nasaba ya Diablo kwa upande wa mama inapita kwingine, na hapo ndipo mpenzi wa lugha anapopaswa kutega sikio.

Mnamo 1980, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Michael Toy na Glenn Wichman, walitunga mchezo ulioitwa Rogue, na baadaye Ken Arnold akaungana nao. Kompyuta walizotumia hazikuwa na picha, zilikuwa na herufi tu. Basi wakatengeneza ulimwengu mzima kwa herufi. Mchezaji alikuwa alama ya @. Kuta zilikuwa vistari, sakafu ilikuwa nukta, na majinamizi yalikuwa herufi kubwa 26 za alfabeti, kila moja na tabia yake. Ukiona Z inakusogelea unajua nini kinakuja. Tena ramani ya mahandaki haikuchorwa na mtu. Kila ukianza upya, mashine ilijenga vyumba na vichochoro vipya kwa nasibu, hata watungaji wenyewe wasijue wangekutana na nini.

Mchezo huo ulizaa wengine. Moria ulitungwa katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, na Angband katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, na yote miwili ilichukua majina ya mahali kutoka katika hadithi za Tolkien. Kijana mmoja wa California, David Brevik, aliicheza michezo hiyo akiwa chuoni. Mwaka 1993 yeye na ndugu wawili, Max na Erich Schaefer, walianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Condor. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Blizzard mwaka 1996, ikapewa jina la Blizzard North.

Jina la mchezo Brevik alikuwa nalo tangu ujana. Alikulia chini ya mlima uitwao Mount Diablo, na siku alipojifunza kwamba neno hilo kwa Kihispania ni shetani, aliliweka akiba. Mlima wenyewe umelipata jina kwa kosa la tafsiri. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 askari wa Kihispania waliwafukuza wenyeji wa nchi hiyo mpaka kwenye kichaka kinene, wenyeji wakapotea humo usiku, na askari wakakiita kichaka hicho Monte del Diablo. Kwa Kihispania *monte* huweza kuwa mlima, na huweza pia kuwa kichaka. Wazungumzaji wa Kiingereza walipofika wakaona neno, wakaona na mlima ulio karibu, wakaunganisha. Hivyo mlima ukabeba jina la vichaka, na mchezo ukabeba jina la mlima. Wapo pia wataalamu wanaodhani kuwa Ibilisi wetu, aliyetufikia kwa njia ya Kiarabu, ana asili moja na *diabolos* wa Kigiriki, ambaye ndiye babu wa Diablo. Ikiwa ni kweli, mwaka ule nilimfukuza nyumbani ndugu wa neno ninalolitamka kila siku.

Katika pendekezo la awali, mchezo wa Brevik ulikwenda kwa zamu, kama bao: wewe unasogea, kisha adui anasogea. Wakuu wa Blizzard walitaka kila kitu kitembee wakati mmoja, bila kungojana. Brevik alipinga. Ofisini wakapiga kura, akashindwa. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani kwamba aliwaambia wakuu kazi hiyo ingehitaji muda na fedha za ziada, kisha akaketi na kuimaliza katika mchana mmoja. Alipobofya kipanya juu ya kiunzi cha mifupa, shujaa wake akatembea mpaka pale, akainua rungu, akakivunjavunja. Anasema hapo hapo alitambua kuwa alikuwa ameshindwa kwa faida yake.

Mchezo ulitoka mwisho kabisa wa 1996, ukafika madukani mwanzo wa 1997. Kijiji kinaitwa Tristram. Kina mhunzi, mganga, mwenye nyumba ya wageni, mlevi mmoja, mtoto mwenye mguu wa mti anayeuza vitu kwa bei ya kuumiza, na mzee msimulizi aitwaye Cain. Chini ya kanisa kuu la kijiji ziko ghorofa 16 za kushuka: nne za kanisa, nne za makaburi ya chini kwa chini, nne za mapango, nne za jehanamu. Mchezaji huchagua kuwa askari, mpiga mishale, au msihiri. Hadithi ni nyembamba, na sehemu yake kubwa imekwisha kutokea kabla hujafika: mfalme ameingiwa na wazimu, mwanawe ametekwa, askofu amewasaliti watu wake.

Sasa niseme ukweli kuhusu kuzeeka kwake. Umezeeka sana. Shujaa hakimbii. Anatembea kama bwana harusi, hata kijijini ambako hakuna adui, na kutoka kwa mhunzi hadi kwa mchawi ng'ambo ya mto ni safari ya kuchosha. Kila pigo moja linataka bofyo moja, na kidole changu cha miaka sitini na ushei kililalamika usiku. Fedha zinachukua nafasi ndani ya mkoba, na hakuna sanduku la akiba, hata wachezaji walizoea kutandaza mali zao chini kijijini kama wauza mitumba. Wapiga mishale wa adui wanakukimbia nawe huna mbio za kuwafuata. Mwanangu alinifundisha siri ya wakongwe: simama mlangoni, ili wakujie mmoja mmoja. Ni siri nzuri, ila ukiishaijua, nusu ya vita ni kusimama mlangoni.

Yaliyobaki hai ni machache, lakini yana nguvu. Gitaa la Matt Uelmen linalopigwa kijijini bado linaleta huzuni ya mahali palipoachwa. Giza lenyewe ni zuri: mwanga unaishia hatua chache kutoka miguuni pako, na unasikia kabla hujaona. Katika ghorofa ya pili kuna chumba cha Mchinjaji. Nilikifungua mlango bila kuonywa, na nakiri kwamba niliacha kipanya na kusimama.

Tena kuna mwisho. Shujaa akisha kumshinda mwovu, analing'oa jiwe lililomfunga katika paji la uso wa mwana wa mfalme, na badala ya kulitupa analikita katika paji la uso wake mwenyewe, akiamini kwamba yeye ataweza kulizuia. Michezo mingi ya wakati ule ilimaliza kwa fataki na pongezi. Huu ulimaliza kwa kosa. Mwendelezo wake wa mwaka 2000 unaanzia hapo hapo, kwa mtu yule akitangatanga na mzigo wake.

Kuhusu ushawishi wake sitakawia. Pamoja na mchezo Blizzard ilifungua Battle.net, mahali ambapo watu waliweza kucheza pamoja kwa intaneti bila malipo ya ziada. Udanganyifu ukazagaa mara moja, kwa kuwa kumbukumbu za shujaa zilitunzwa katika mashine ya mchezaji mwenyewe naye aliweza kuzichakachua. Warithi ni wengi, kuanzia Titan Quest na Torchlight mpaka Path of Exile wa New Zealand. Rangi za majina ya vitu, nyeupe kwa cha kawaida, buluu kwa chenye sihiri, dhahabu kwa cha pekee, zimeigwa kwa namna moja au nyingine hata katika michezo isiyo na upanga.

Nimefika kwenye majina, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Adui akianguka katika Diablo, huacha ngawira. Natumia neno la tenzi za vita makusudi. Kitu chenye sihiri huanguka kikiwa hakijajulikana: unaona tu kwamba ni deraya, au pete, au shoka, na maandishi yake ni ya buluu. Ili kujua ni nini hasa, unakipeleka kwa mzee Cain, unamlipa vipande 100 vya dhahabu, naye anakitaja jina. Jina ndilo linalokuambia kitu kinafanya nini. Nalo limeundwa kisarufi: katikati nomino, mbele yake huenda kukawa na kivumishi, na nyuma yake huenda kukawa na fungu la "ya kitu fulani". Watungaji hawakuandika maelfu ya majina. Waliandika orodha mbili fupi za viambishi na kanuni ya kuunganisha, mashine ikafanya mengine. Nimefundisha uambishaji kwa zaidi ya miaka thelathini, nikitafuta mifano ya kuwaamsha wanafunzi waliosinzia saa nane mchana. Mfano bora ulikuwa jikoni kwangu, ukiivisha maharage.

Viambishi vya nyuma vina ngazi zake. Ngazi ya uhai ni ya wanyama. Kitu "cha mbweha" kinaongeza alama 10 hadi 15 za uhai. Juu ya mbweha yuko chui wa Amerika, kisha tai, mbwa mwitu, chui milia, na simba, ambaye huongeza 51 hadi 60. Juu ya simba yuko tembo yule wa kale mwenye manyoya, na kileleni yuko nyangumi, 81 hadi 100. Deraya ya Nyangumi, ikiwa na kivumishi kizuri mbele, ndiyo iliyokuwa ndoto ya kila askari wa Tristram.

Sasa jaribu kuiandika ngazi hiyo kwa Kiswahili, kama alivyojaribu mtoto wa miaka kumi na mitano. Chini ya mbweha kuna ngazi mbili za laana, zinazopunguza uhai: moja ya tumbusi, na nyingine ya mnyama ambaye Waingereza humwita kwa jina jingine lakini sisi tunamwita mbweha vilevile. Yaani mbweha mmoja anakupa uhai na mbweha mwingine anakunyang'anya. Kwa madini ni hivyo hivyo: shaba ya aina moja inalenga vibaya, na shaba ya aina nyingine inalenga vizuri, ilhali sisi huzitenganisha shaba kwa rangi tu, nyekundu, nyeupe na nyeusi. Mahali pengine lugha yetu inasimama imara bila msaada. Ipo ngazi inayoanza na anga, inapanda kwa mwezi na nyota, inafika mbinguni. Kiingereza kimehitaji maneno mawili kutenganisha anga na mbingu, nasi tunayo yote mawili, na kila moja lina uzito wake.

Kisha liko tatizo la ngeli, ambalo mashine ya Kiingereza haikulijua kamwe. Kiingereza kina kiunganishi kimoja tu kwa vitu vyote. Kwetu ni Upanga wa Mwezi, Ngao ya Mwezi, Shoka la Mwezi, Kidani cha Mwezi. Huwezi kumwachia mtambo uokote neno hapa na neno pale, maana kila nomino inadai haki yake. Na kivumishi nacho hakikubali kukaa mbele. Mwaka 2018 mtu mmoja mpenzi wa mchezo huu alitangaza hadharani msimbo alioujenga upya kwa kuufumua mchezo wenyewe, na tangu hapo wengine wameuendeleza, hata ukatafsiriwa katika lugha nyingi. Mwanangu alinionyesha mahali ambapo mtafsiri anaweza kubadilisha mpangilio wa sehemu za jina. Mpangilio unawezekana. Upatanisho ndio kazi.

Nilimwuliza, "Wewe wakati ule ulifanyaje?"

Akajibu kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kusamehe lakini hajasahau, "Baba, niligeuza kila kivumishi kuwa cha a-unganifu. Sikuandika 'upanga mkali'. Niliandika 'upanga wa makali'. Nikapanga vitu vyote kwa ngeli, kila ngeli ukurasa wake. Ukishajua uko ukurasa gani, ni wa-wa, la-la, au cha-cha mpaka mwisho."

Upanga wa Kifalme wa Mwezi. Shoka la Kifalme la Mwezi. Kidani cha Kifalme cha Mwezi. Nilikaa kimya. Kijana alikuwa ameona, bila kufundishwa na mtu, kwamba katika lugha yetu kinachoziunganisha sehemu za jina ni silabi moja inayorudi, na kwamba ikirudi mara mbili inalia kama kina. Muhula uleule nilikuwa nimempa alama 48 katika karatasi yangu ya sarufi, kwa sababu hakuweza kuorodhesha ngeli kwa mpangilio wa kitabu.

Najua nitakavyojibiwa na baadhi ya walimu wenzangu: mchezo wa mauaji ni mchezo wa mauaji. Sikatai. Sina hakika hata leo kama ningemruhusu mtoto wa umri ule abaki na Mchinjaji peke yake saa za jioni. Lakini kwa miaka mingi niliwatetea washairi wa vita mbele ya wanafunzi waliochoka. Walipolalamika kwamba Utendi wa Tambuka, wa 1728, ni panga juu ya panga na vichwa juu ya vichwa, niliwaambia wasitazame damu, wasikilize jinsi Mwengo anavyojenga. Niliwaambia kazi ya kale haisomwi kwa mbio za leo. Subira hiyo niliyowadai kwa kazi ya karne ya 18, mimi sikuwa nayo kwa kazi ya miaka sita.

Siku ya mwisho ya likizo yake tuliketi barazani kuliandika upya daftari. Mengi yamekwenda. Alikumbuka kwamba alikataa wanyama wasio wetu na kuweka ngazi yake mwenyewe ya uhai. Mbweha alimwacha chini kwenye laana, pamoja na tumbusi. Ya kwanza nguchiro, kwa sababu anapigana na nyoka. Ya pili mondo. Ya tatu kipanga. Ya nne fisi, na hapo tulibishana kidogo, yeye akisema taya la fisi ni uhai tosha. Ya tano chui, ya sita simba, ya nane nyangumi, kwa kuwa aliwahi kuona mifupa yake kwenye picha ya kitabu cha Jiografia.

Ya saba haikumbuki. Anasema hakuwa tembo, kwani aliona tembo ni jibu la haraka mno, na alikaa siku tatu akitafuta mpaka akampata aliyefaa. Nikampendekezea kiboko, nikampendekezea kifaru, nikampendekezea nyati. Kila mara alitikisa kichwa. Basi likifika jioni, aliandika tembo kwa penseli.